Uvimbe usioutarajia: kwa daktari anayeanza wodi ya upasuaji

Uvimbe adimu huingia wodini kwa jina la ugonjwa wa kawaida: kidole tumbo, ngiri, jipu, presha isiyotulia. Anayeanza hawezi kuukariri wote, wala hatarajiwi. Anachotarajiwa ni kuzijua hatua ambazo zikishafanyika hazirudi nyuma, na kusimama kabla hajazifikia. Kuchoma sindano mahali pasipochomwa, kupasua kifuko cha ute, kutumbukiza tezi nzima kwenye formalini: kila moja huchukua sekunde chache, na mgonjwa huishi na matokeo yake kwa miaka.

Tuanze na uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo, maana huo unaweza kumuua mtu mezani. Mara nyingi huonekana kwa bahati kwenye CT iliyoombwa kwa sababu nyingine. Usiuchome sindano, na usimpange mgonjwa kwenye orodha ya upasuaji. Pima kwanza metanefrini (mabaki ya adrenalini na noradrenalini), za damu au za mkojo wa saa 24, isipokuwa CT isiyo na dawa ya kung'arisha imeonyesha uvimbe wenye mafuta mengi, yaani Hounsfield (kipimo cha uzito wa nyama kwenye CT) 10 au chini. Kama ni feokromositoma, uvimbe wa kiini cha tezi hiyo, ndani yake kuna adrenalini na noradrenalini, na kuuchoma au kuubana kunaweza kuzimwaga kwenye damu kwa mkupuo mmoja. Mgonjwa huandaliwa kwa siku 7 hadi 14 kwa dawa za kuzuia vipokezi vya alfa (vinavyobana mishipa ya damu), kama doksazosini au fenoksibenzamini, huku akipewa maji na chumvi ya kutosha.

Dawa ya kuzuia beta (vipokezi vinavyoharakisha moyo na kupanua mishipa) huja baadaye, alfa ikishashika, kama mapigo bado yanakwenda kasi. Ukiitanguliza, unaziba njia ya mishipa kupanuka na kuiacha alfa bila mpinzani, na presha inapaa. Kosa hili hufanyika kwa nia njema kabisa: mtu kaona mapigo 120 kwenye rauni, kaandika propranololi, dawa ya kuzuia beta. Uvimbe ukishatoka, hatari hugeuka. Presha hushuka, na sukari nayo hushuka kwa sababu insulini iliyokuwa imezuiwa sasa inaachiliwa. Pima vyote viwili mara kwa mara kwa saa 24 hadi 48, hata kama mgonjwa amelala vizuri. Usingizi huo unaweza kuwa ndiyo sukari yenyewe iliyoshuka.

Kidole tumbo ndicho kitakachokushangaza mara nyingi zaidi. Kinundu kigumu chenye umanjano kwenye ncha aghalabu ni uvimbe wa neuroendokrini, yaani wa seli zinazotoa homoni. Kikiwa chini ya sentimita 1 na kimetoka chote, kuondoa kidole tumbo kunatosha. Kikizidi sentimita 2, kwa kawaida mgonjwa hurudi kukatwa upande wa kulia wa utumbo mpana pamoja na tezi zake za limfu. Katikati ya vipimo hivyo ndipo penye mjadala: kiko kwenye shina au kwenye ncha, kimepenya utando wa mafuta unaokibeba kidole tumbo kwa zaidi ya milimita 3, kimeingia kwenye mishipa, seli zake zinagawanyika kwa kasi gani? Hakuna hata moja kati ya hayo unaloweza kulijibu usiku wa manane ukiwa na glovu mkononi. Kitoe, andika ulichoona, subiri patholojia. Kisha hakikisha kuna mtu mwenye jukumu la kuyafuatilia majibu, kwa kuwa mengi hufika mgonjwa akiwa nyumbani na faili likiwa limesharudishwa rafuni.

Kidole tumbo kilichovimba kama soseji, ukuta mwembamba, ndani kimejaa ute, kinataka mkono mwingine. Usikibane kwa fosepsi. Seli zinazotengeneza ute zikimwagika zinaweza kuota juu ya utando wa tumbo na kulijaza tumbo zima ute baadaye, hali inayoitwa pseudomiksoma. Shika utando wa mafuta, ukiache kidole chenyewe. Kata kwenye shina lisilo na uvimbe, hata ikibidi kuondoka na kipande kidogo cha seko (mwanzo wa utumbo mpana), na ukifanya kwa kamera kitoe ndani ya mfuko. Ukikuta ute umeshamwagika, chukua sampuli yake, kagua chini ya diafragma, ovari na fupanyonga, andika kila mahali ulipouona, na usiongeze upasuaji mkubwa siku hiyo.

GIST, uvimbe wa ukuta wa njia ya chakula, nayo huharibiwa na pupa. Mingi hutoka kwenye tumbo la chakula, inayofuata kwa wingi ni ya utumbo mwembamba. Ni laini na hupasuka kirahisi, na ikipasuka mgonjwa anahesabiwa kuwa na hatari kubwa ya ugonjwa kurudi, hata kama ulitoa kila kipande. Lengo ni itoke nzima, kingo zikiwa safi. Tezi za limfu kwa kawaida haziguswi, kwa kuwa ni nadra ugonjwa kupitia huko. Omba maabara ipime CD117 na DOG1, alama za kuitambua, na uliza kuhusu kipimo cha jeni kabla ya imatinibu, dawa ya kuizuia, ya miligramu 400 kwa siku kuanza: mabadiliko ya jeni ya PDGFRA yanayoitwa D842V hayaisikii dawa hiyo.

Kwenye ngiri, mafuta unayoyavuta bila kufika mwisho wake, hasa yakiwa magumu, yanaweza kuwa liposakoma (saratani ya mafuta) iliyoshuka kutoka nyuma ya tumbo. Acha kuvuta, omba CT.

Halafu kuna chupa ya sampuli, kazi anayoachiwa mdogo kuliko wote. Formalini ya asilimia 10 iwe angalau mara 10 ya ujazo wa nyama. Nyama iliyosokomezwa kwenye chupa yenye mdomo mwembamba hukauka nje na kuoza katikati, na kuitoa bila kuikata haiwezekani. Weka uzi mfupi upande wa juu, mrefu upande wa nje, na uandike hivyo kwenye fomu. Ukishuku limfoma (saratani ya mfumo wa limfu), piga simu maabara kwanza, kisha peleka kipande kibichi kwenye gozi yenye maji ya chumvi.

Baada ya upasuaji, yaamini mapigo kuliko joto. Utumbo ulioungwa ukianza kuvuja, mara nyingi siku ya 5 hadi ya 7, mapigo hupanda kabla tumbo halijawa gumu. CRP (kipimo cha damu kinachopanda kukiwa na maambukizi) inayozidi 150 kuanzia siku ya 3, au moyo ulioanza kudunda ovyo kwa mtu ambaye hakuwa na shida hiyo, ni sababu ya kumpigia bingwa simu sasa hivi.

Aliyetolewa tezi ya shingo akianza kuvimba shingo na kuhangaika kupumua, usimsubirishe machela. Kata nyuzi hapo hapo kitandani, ngozi kisha misuli iliyo chini yake, toa damu iliyoganda, huku mwenzako akimwita daktari wa usingizi. Damu iliyobanwa huzuia vena, koo huvimba kwa ndani, na kila dakika mpira wa kupumulia unazidi kuwa mgumu kupita. Ndiyo maana mkasi unakaa kando ya kitanda.

Maji ya rangi ya waridi yanayolowanisha bandeji ya tumbo baina ya siku ya 5 na ya 10 usiyaite usaha mwepesi. Ukuta wa ndani unaachia. Utumbo ukitokeza, ufunike kwa gozi iliyoloweshwa maji ya chumvi, usiusukume ndani, mzuie mgonjwa kula, mrudishe chumba cha upasuaji. Na unapofunga mpasuo wa katikati mara ya kwanza, shona milimita 5 kutoka ukingoni, milimita 5 kati ya mshono na mshono, kisha pima uzi uliobaki: ulioingia mwilini uwe angalau mara 4 ya urefu wa jeraha.