Legranditi au adamiti?

Umeuliza kama legranditi ni adamiti tu iliyokolea njano. Hapana ndugu, ni madini mawili tofauti, ingawa yote ni arsenati za zinki (yaani zinki iliyoungana na arseniki na oksijeni) na hupatikana pamoja katika mgodi wa Ojuela, Meksiko. Legranditi ina molekuli ya maji ndani ya fuwele, Zn2(AsO4)(OH)·H2O, adamiti haina. Ndiyo maana hata umbo linaachana: legranditi ni monokliniki (fuwele yenye mhimili mmoja ulioinama), adamiti ni othorombiki (mihimili yote imekutana kwa pembe mraba). Ugumu wa legranditi ni 4.5, wa adamiti 3.5, kwenye skeli ya Mohs (kipimo cha madini kustahimili mkwaruzo, 1 hadi 10), ila tafadhali usikwaruze, utaharibu kipande adimu bure! Zima taa, mulika kwa tochi ya urujuanimno: adamiti nyingi hung'aa kijani kikali, legranditi inakuangalia tu. Ukimaliza kuishika, nawa mikono, yote mawili yana arseniki, sumu hiyo.