Mkanda wa saa ya mzee: pima kwanza, ndipo ununue

Pole dada kwa saa ya mzee kukatika mkanda. Umeuliza kama urudishie wa ngozi ileile. Kwa joto la Mtwara, na wewe unayeshinda na samaki pale Mikindani, mimi nisingekushauri. Jasho na maji ya chumvi huikausha ngozi, ikapasuka palepale kwenye matundu. Chukua naironi au silikoni, jioni unausuuza kwa maji baridi, basi.

Kipimo ndicho kinachowaponza wengi. Usipime mkanda wa zamani, umeshachakaa huo. Pima nafasi iliyo kati ya yale masikio mawili ya saa, yaani ncha mbili zinazoshika mkanda, kwa ndani, kwa rula ya milimita. Mara nyingi utapata 18, 20 au 22. Mkanda wa 18 kwenye saa ya 20 utachezacheza, na wa 22 utajikunja pembeni.

Kuutoa, laza saa kifudifudi juu ya kitambaa laini. Penyeza ncha ya bisibisi ndogo bapa kati ya mkanda na sikio, sukuma ncha ya pini, kile kijiti cha chuma kinachoshikilia mkanda, kuelekea katikati, itachomoka. Ndani ina springi, kwa hiyo ifunike kwa kidole isiruke. Kipande chenye bizimu huwekwa upande wa namba 12 ya saa.

Tafadhali nunua na pini mpya. Ni za bei ndogo, na zilizopata kutu ndizo huangusha saa. Ukimaliza kufunga, uvute mkanda kwa nguvu pande zote mbili kabla hujauvaa.