Video za harusi, laptopu ya Birere na diski inayovuka ziwa

Asubuhi ya tarehe 27 Mei 2021, tulipotangaziwa kuondoka Majengo, mtaa wetu hapa Goma, nilibeba watoto, vyeti, unga na sufuria mbili. Siku tano kabla yake volkano ya Nyiragongo ilikuwa imemwaga moto hadi Buhene, pembezoni mwa mji, na ardhi ilikuwa ingali inatetemeka. Tuko njiani kuelekea mji wa Sake ndipo nikakumbuka mfuko wa DVD uliobaki juu ya kabati: harusi yetu, ubatizo wa watoto, na mazishi ya baba, ambamo mama mkubwa anaimba. Sauti yake haipo mahali pengine popote.

Nyumba ilisalimika, na mfuko niliukuta palepale. Lakini usingizi wa Sake ulikuwa mchache, na mwaka uliofuata nilianza kutengeneza kile ambacho vijana wanakiita seva ya nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, kompyuta sijaisomea. Namwandikia mzazi kama mimi ambaye simu zake zimejaa, flashi zimetawanyika kwenye droo, na watoto wanamaliza mega, yaani data ya intaneti, kwa wimbo uleule mara kumi kwa siku. Seva ni kompyuta moja tu inayotunza picha, nyimbo na video, na simu au televisheni za nyumbani zinazicheza kupitia Wi-Fi. Na hapa kuna jambo ambalo karibu kila niliyezungumza naye hapa Goma hakulijua: Wi-Fi ya ruta haihitaji mega. Ruta ikiwaka tu, vyombo vya nyumbani vinaonana. Mimi intaneti niliihitaji siku ya kupakua programu.

Programu yenyewe ni Jellyfin. Ni ya bure, na ilizaliwa Desemba 2018 kutoka kwa programu nyingine iitwayo Emby, baada ya Emby kuacha kuweka msimbo wake wazi. Niliichagua kwa sababu haidai akaunti ya kampuni yoyote. Jina na neno la siri vinakaa ndani ya kompyuta yako mwenyewe.

Kompyuta nilinunua Birere, mtaa wa biashara hapa mjini, laptopu ya mkono wa pili yenye kioo kilichopasuka pembeni. Kioo hakikunihangaisha. Nilichokagua ni betri, nikamwomba muuzaji achomoe waya tukae tuongee kwa nusu saa. Katika mji ambamo umeme unakatika bila kuaga, laptopu yenye betri nzima inashinda kompyuta kubwa ya mezani, maana umeme ukienda haizimiki ghafla, na kuzimika ghafla ndiko kunakoharibu mafaili. Kwa sababu hiyohiyo nunua diski ya nje ile ndogo, ya inchi 2.5, inayokula umeme kupitia waya wa USB. Ile kubwa ya inchi 3.5 ina chaja yake ya ukutani, nayo umeme ukikatika inakufa hata kama laptopu ingali hai. Ruta nayo itafutie betri yake ndogo, ila kwanza geuza ruta usome chini imeandikwa volti 9 au 12.

Kijana wa jirani alinishauri niondoe Windows niweke Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. "Mama, utaona, ni nyepesi sana." Simbishii, na Jellyfin inakaa vizuri kwenye Linux. Lakini siku kitu kikigoma saa mbili usiku na kijana yuko mbali, Kanyabayonga, ni mimi nitakayekitengeneza, kwa hiyo nilibaki na Windows niliyoizoea. Ushauri wangu ni huo: tumia mfumo unaoujua. Kisha ingia kwenye mipangilio ya umeme, uiambie laptopu isilale kamwe, hata ukiifunika.

Ukishasakinisha, fungua kivinjari kwenye laptopu hiyohiyo, andika localhost:8096, na programu itakuongoza hatua kwa hatua. Kwenye simu utaandika namba ya laptopu kwenye mtandao wa nyumbani, mfano 192.168.1.20, ikifuatwa na :8096. Namba hiyo ruta inaweza kuibadilisha, basi ingia kwenye ruta uifunge isibadilike. Mimi nilipoteza Jumamosi nzima televisheni ikikataa kuiona seva, kumbe nilikuwa nimeiandikisha Wi-Fi ya nyumbani kama mtandao wa umma na Windows ikafunga mlango. Niliigeuza kuwa mtandao binafsi, ikafunguka papo hapo.

Kazi kubwa haiko huko, iko kwenye mafaili. DVD za sherehe hazina kufuli la kuzuia kunakili, hivyo HandBrake, programu nyingine ya bure, inazisoma na kuzigeuza kuwa faili za video za MP4. Laptopu yangu ilichukua karibu saa mbili kwa kila DVD, nikawa naiacha usiku. HandBrake itakuuliza namna ya kubana video: chagua H.264, na usivutwe na H.265 kwa kuwa inatoa faili dogo. Televisheni ya zamani haielewi H.265, kwa hiyo seva inalazimika kutafsiri video wakati unaitazama. Laptopu dhaifu inapata joto, feni inalia, picha inakatakata. Video za simu mpya nazo mara nyingi ni H.265, na hizo nazigeuza mara moja tu, yameisha.

Halafu majina. Faili linaloitwa VID_0047 ni sawa na kaburi lisilo na msalaba. Naandika mwaka kwanza, kisha tukio, kisha walioonekana: "2009 Mazishi ya babu, mama mkubwa anaimba." Mama yangu akija Jumapili anamwambia mjukuu, "Niwekee dada yangu," na mtoto wa miaka tisa anaipata. Nyimbo za kwaya zilizoitwa zote Track 01 nilizirekebisha kwa Mp3tag, programu ya kuandika majina ya nyimbo, jioni baada ya jioni, na sijutii hata jioni moja.

Kitu kingine cha kwetu ni vumbi jeusi la lava. Linaingia kila mahali. Usiiweke laptopu sakafuni wala kuifunika kitambaa, na kila mwezi izime, usafishe matundu ya feni kwa brashi laini. Ukiona betri imevimba, itoe siku hiyohiyo.

Watu wananiuliza kama naweza kutazama nikiwa safarini. Inawezekana, lakini kwa sisi ambao si mafundi, usifungue mlango wa ruta kuelekea nje. Naweka ninachotaka kwenye simu kabla ya kuondoka.

Na seva siyo akiba. Diski moja ikifa, vyote vimekufa. Nina diski mbili zenye vitu vilevile: moja iko hapa, nyingine iko Bukavu, ng'ambo ya Ziwa Kivu, kwa dada yangu mkubwa. Kila baada ya miezi minne mtu wa familia akisafiri kwa boti, diski inavuka ziwa ndani ya plastiki mbili na kitenge, inabadilishana na mwenzake. Ikirudi, kabla sijanakili kitu kipya nafungua video tano za zamani, mwanzo, kati na mwisho. Safari iliyopita moja ilikataa kufunguka. Niliirudia kutoka kwenye DVD, maana DVD sikuzitupa. Ule mfuko sasa unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango.