Reli ya njia moja: treni ya mizigo na ya abiria zipishane wapi?

SWALI: Reli yetu ni ya njia moja na hadi sasa hupita treni za mizigo tu. Wakubwa wanataka treni ya abiria kila nusu saa, kwenda na kurudi, na mizigo iendelee kama kawaida. Njia za kupishania zipo, kila moja mita 400. Treni ya mizigo ina mita 700. Kipande kirefu zaidi kati ya kituo na kituo ni kilomita 12. Abiria wakipewa kipaumbele, ratiba itakaa?

JIBU: Haitakaa. Kipaumbele kiweke kando kwanza, tuangalie hizo kilomita 12. Kipande hicho kinabeba treni moja tu kwa wakati, kwa hiyo ndicho kinachotawala reli nzima, hata kama vingine vyote ni vya kilomita nne.

Tuseme treni ya abiria inakwenda wastani wa kilomita 60 kwa saa. Itakivuka kwa dakika 12. Ongeza dakika 3 za kuhakikisha imetoka yote, kugeuza njia na kufungulia ishara treni inayosubiri upande wa pili. Dakika 15 kwenda, 15 kurudi: nusu saa imekwisha na mzigo haujagusa reli. Treni ya mizigo kwa kilomita 40 kwa saa inataka dakika 18, zile 3, na moja zaidi ya kuvuta mkia wake wa mita 700 nje ya kipande. Hizo ni 22.

Jengeni njia ya kupishania katikati ya kipande hicho. Jozi ya treni za abiria itashuka hadi dakika 18, mizigo 13. Jumla 31! Bado mmezidi kwa dakika moja, na hakuna hata akiba ya kuchelewa. Kwa hiyo asubuhi na jioni pitisheni abiria peke yao kila nusu saa. Mchana wapungue hadi kila saa, na mzigo utapita bila kubanana.

Sasa kipaumbele. Wengi hudhani maana yake ni mizigo isimame pembeni, abiria wapite. Kwenye njia ya mita 400, treni ya mita 700 itaingia wapi? Inayochepuka ni ile fupi, yaani ya abiria, na mizigo inapita moja kwa moja. Hata kama ingeenea, kuisimamisha ni gharama: breki za upepo huchukua muda kuachia hadi behewa la mwisho, na kwenye mwinuko huenda isiondoke kabisa. Basi pangeni kupishana mahali ambapo abiria wangesimama hata hivyo, penye jukwaa. Ila treni mbili za mizigo hazitapishana kamwe kwenye njia za mita 400, kwa hiyo ile mpya ya katikati ya kipande iwe na mita 800 au zaidi.

Wapo waliokwepa tatizo lote kwa kugawana saa za siku. Reli ya River LINE ya New Jersey, Marekani, iliyofunguliwa 2004 kati ya Camden na Trenton, sehemu kubwa ni njia moja: mchana abiria, usiku mizigo. Ni suluhisho safi, ikiwa wenye mizigo wanakubali kupakia usiku.

Jambo moja msilibanie fedha. Mwaka 2008 huko Chatsworth, California, treni ya abiria ilipita ishara nyekundu, ikaingia njia moja na kugongana uso kwa uso na ya mizigo. Watu 25 walikufa. Uchunguzi ulikuta dereva alikuwa akiandika ujumbe wa simu. Mwaka huohuo sheria ya Marekani ikaagiza mitambo ya kusimamisha treni yenyewe kwenye reli nyingi za abiria. Ratiba yenu ikishajaa hivi, mtambo huo uwepo kabla abiria wa kwanza hajapanda.