Ukipewa kazi ya kulinganisha Macbeth na filamu zake

Kila mwaka, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakifika kwenye somo la tamthilia hapa Kisumu, hukutana na swali lilelile: linganisha tanzia ya zamani, yaani Macbeth ya Shakespeare, hadithi ya jemadari anayemuua mfalme wake ili atawale, na filamu zilizotokana nayo. Na kila mwaka insha nyingi ninazosahihisha huja na orodha mbili, ya yaliyoachwa na ya yaliyoongezwa. Bawabu hayupo. Mtoto ameongezwa. Wachawi walikuwa watatu, sasa ni mmoja. Mwishoni mwandishi anatangaza ni filamu gani "imekuwa mwaminifu" kwa Shakespeare, kana kwamba tuko mahakamani kuamua kesi ya ndoa. Insha ya aina hiyo haianguki, lakini haipandi pia, kwa sababu mtu yeyote mwenye kalamu na saa mbili za kutazama anaweza kuiandika.

Nyinyi mnaoanza, swali la kuuliza ni hili: jukwaa lilificha nini kwa makusudi, na kamera ilipofika pale palipofichwa ilifanya nini?

Hutajua palipofichwa kama hujaisoma tamthilia yenyewe. Macbeth si ndefu. Ndiyo fupi kuliko tanzia zote za Shakespeare. Anayelemewa na Kiingereza cha enzi ile aanze na tafsiri ya Kiswahili ya S.S. Mushi, Makbeth, iliyotoka mwaka 1968, kisha arudi kwenye Kiingereza akiwa tayari anajua nani anamuua nani. Someni kwa sauti, mkigawana wahusika chumbani hosteli, na mmoja wenu asome maelekezo ya jukwaani peke yake. Huyo ndiye mwenye kazi kubwa ingawa wengi hudhani amepewa ya kitoto. Yeye ndiye atakayewaonyesha ni wapi mtu anatoka nje na jambo kubwa likatendeka huko nje, hadhira ikiwa imebaki ikitazama jukwaa tupu.

Kabla sijafika huko, neno dogo kuhusu giza. Ukumbi wa Globe kule London, ambako tamthilia za Shakespeare zilichezwa, haukuwa na paa katikati, na maonyesho yalifanyika mchana. Jua linawaka, na mwigizaji anatakiwa kuwaaminisha watu kuwa ni usiku wa manane. Ndiyo maana Macbeth imejaa maneno ya usiku: nyota zizime mwanga wake, bundi analia, kunguru anarudi msituni. Maneno hayo yalikuwa yakifanya kazi ya taa. Katika filamu, mpiga picha ana giza lake halisi, kwa hiyo mistari hiyo mara nyingi hukatwa. Mwanafunzi akiniandikia kwamba "ushairi umepotea" hapo, namwekea alama ya kuuliza pembeni. Umepotea wapi? Labda umehamia kwenye picha. Labda haukuhamia popote, na hiyo nayo ni hoja, mradi uithibitishe.

Sasa twende kwenye mauaji ya Mfalme Duncan, maana hapo ndipo ninapowapeleka wanafunzi wote kwanza. Katika tamthilia hatumwoni Duncan akiuawa. Kengele inalia, Macbeth anatoka, na anayeingia ni mkewe, peke yake. Anasikiliza. Anashtuka kwa mlio wa bundi. Anaogopa kwamba walinzi wameamka na mambo yameharibika. Halafu mume anarudi, majambia mawili yenye damu bado mkononi, ilhali yalitakiwa kuachwa kule ndani kando ya walinzi waliolewa. Anakataa kuyarudisha. Mke anayachukua na kwenda mwenyewe. Kisha mlango unaanza kugongwa. Tanzia nzima imesimama juu ya mauaji ambayo hadhira haikuyaona, na badala yake imelazimishwa kungoja pamoja na mwanamke anayengoja.

Akira Kurosawa, katika Throne of Blood ya mwaka 1957, aliielewa nafasi hiyo vizuri mno. Hadithi ameihamishia Japani ya zamani na hakutumia hata mstari mmoja wa Shakespeare, lakini Washizu, ambaye ndiye Macbeth wake, anapokwenda kuua, kamera haimfuati. Inabaki na Asaji, mkewe, chumbani. Kimya. Anaketi, anainuka, na unasikia nguo zake zikiburura sakafuni. Washizu anarudi na mkuki uliojaa damu, vidole vimekakamaa, na mke inabidi aubandue mkuki huo mikononi mwake. Filamu isiyo na neno hata moja la mwandishi imelinda uamuzi wake mkubwa kuliko nyingine zote. Ukiwa na hoja hii moja tu, wale wa "uaminifu" hawatakuwa na pa kusimama.

Roman Polanski alifanya kinyume mwaka 1971. Tunaingia na Macbeth chumbani. Duncan anaamka, anamwona, na anajua ni nani anayemuua. Hapo hatungoji tena na mke, tumekuwa mashahidi. Swali la insha si kama ilikuwa sawa au si sawa kuonyesha damu. Swali ni: mtazamaji aliyeona uso wa mzee yule akimtambua mgeni wake, atamhurumia Macbeth kwa kiasi kilekile katika kitendo cha tano? Mimi nasema hapana, na nadhani Polanski hakutaka tumhurumie sana. Unaweza kunipinga, lakini nipinge kwa picha unayoweza kuitaja dakika yake.

Justin Kurzel, mwaka 2015, alikwenda mbali zaidi. Macbeth wake, Michael Fassbender, anamdunga mfalme kisu mara nyingi ndani ya hema, kisha anabaki pale na maiti. Malcolm, mwana wa mfalme, anaingia na kumkuta. Tazameni jinsi badiliko moja linavyovuta mengine. Katika tamthilia Malcolm anakimbia kwa kuwa hajui ni nani adui, na kukimbia kwake ndiko kunakomfanya ashukiwe. Katika filamu anajua. Basi mbona hapigi kelele? Anakimbia kwa woga tu? Na akirudi na jeshi baadaye, anarudi kama mrithi halali au kama mtoto anayetaka kufuta aibu yake? Insha nzuri hukaa hapo kwenye uzi mmoja na kuuvuta hadi mwisho. Kurasa tano kuhusu Malcolm wa Kurzel zinanipendeza kuliko kurasa kumi na mbili zinazogusa kila kitu.

Jambo jingine ambalo wageni hulipita ni umri. Shakespeare hasemi Macbeth na mkewe wana miaka mingapi. Polanski alichagua waigizaji wawili ambao wote walikuwa chini ya miaka 30, na tamaa yao inakuwa ya vijana wenye papara. Joel Coen, katika filamu yake ya mwaka 2021 isiyo na rangi, alimchukua Denzel Washington na Frances McDormand, wote wakiwa wamepita 60. Maneno ni yaleyale karibu yote, lakini sasa wanaoyasema ni watu wawili waliotumikia maisha yao yote na wanaona nafasi hii ikipita hakuna nyingine. Na suala la mtoto je? Mke wa Macbeth anasema amewahi kunyonyesha. Mtoto huyo hatajwi tena. Kurzel alianza filamu yake na mazishi ya mtoto. Kurosawa alimpa Asaji mimba. Coen hakuongeza chochote, umri wa waigizaji ukamsemea. Mstari mmoja, majibu matatu. Hapo tayari una sura nzima.

Kuhusu wachawi, wale wanaomtabiria Macbeth ufalme, nawaonya watu wa pande zetu hasa. Kila mwaka kuna anayependekeza kwamba filamu ya Macbeth ya Nyanza iwageuze kuwa wakimbiaji wa usiku. Darasa hucheka, na mimi hucheka pia, lakini jajuok, kama Waluo wanavyomwita mkimbiaji huyo, anarusha mawe kwenye paa na kutikisa mlango, hakutabirii ufalme. Wa karibu zaidi ni jabilo, mganga wa vita aliyeulizwa kabla ya jeshi kutoka. Watu wa hapa wanalijua jina la Gor Mahia, jabilo wa zamani, hata kama wengine wanalijua kwa sababu ya mpira tu. Tofauti hii ina uzito: jabilo ni mtu wa jamii, ana heshima, ana wajibu. Ukimweka badala ya wachawi, utabiri haukutoka tena porini, umetoka ndani ya serikali yenyewe. Vishal Bhardwaj alifanya jambo linalokaribiana na hilo katika Maqbool ya mwaka 2003, iliyowekwa kwa majambazi wa Mumbai: wanaotabiri ni polisi wawili wala rushwa, wanaochora ramani za nyota na papo hapo wanahakikisha kila upande una nguvu ya kutosha kuumiza mwingine. Mtabiri mwenye bunduki ya serikali! Mkenya hahitaji maelezo marefu hapo.

Sasa ule msitu. Macbeth ameambiwa hatashindwa mpaka msitu wa Birnam uje Dunsinane, na unakuja kwa sababu Malcolm ameamuru kila askari akate tawi ajifiche nalo. Nikifika hapa huwapa wanafunzi zoezi: iwekeni hadithi hapa kwetu, msitu wenu ni upi? Wa Kakamega husema msitu wa Kakamega, bila kufikiri sana. Lakini kikundi kimoja kilikuja na magugumaji, na nikaahirisha sehemu iliyobaki ya kipindi. Yeyote aliyewahi kuamka Dunga, ufukweni mwa ziwa letu, anajua: jana maji yalikuwa wazi, leo ghuba imekuwa shamba la kijani hadi upeo wa macho, upepo ukigeuka limeondoka. Msitu unaotembea kwelikweli! Wakaandika onyesho ambamo watu wa Malcolm wanakuja kwa mitumbwi nyuma ya magugu.

Kisha mwenzao ambaye nyumbani kwao ni wavuvi akaharibu kila kitu. Akasema mtumbwi haupiti humo. Injini ikinaswa propela, mnakaa hapo mkipiga kasia hadi mikono iishe, na mfalme anawatazama kutoka ufukweni akinywa chai. Mabishano yaliyofuata ndiyo ulinganishi ninaoutafuta. Maana katika tamthilia msitu unatembezwa na watu. Ni ujanja wa vita, na utabiri unatimia kwa akili ya binadamu. Magugu yanatembezwa na upepo, hakuna anayeyaamuru. Ukiyatumia, umemnyang'anya Malcolm ushindi wake na kuupa ziwa. Kurzel alifanya hivyohivyo: msitu wake unachomwa, na kinachofika ngomeni ni moshi na cheche zinazopeperushwa na upepo. Kurosawa alituonyesha miti ikisogea ndani ya ukungu, halafu hakuleta hata Macduff, yule anayemuua Macbeth katika tamthilia, wa kumaliza kazi. Washizu anauawa kwa mishale ya askari wake mwenyewe. Bhardwaj aliuacha msitu kabisa, kwake kinachotabiriwa kuja nyumbani ni bahari. Kikundi kile hatimaye kilibaki na magugu na kikaondoa mitumbwi. Jeshi likatoka upande wa nchi kavu, na mfalme wao akakosa njia ya kutorokea majini. Ni suluhisho zuri kuliko la filamu kadhaa nilizoziona.

Ya kiutendaji nitayapitia haraka. Msitazame filamu nzima mara nyingi, bando zitawamaliza. Tazameni nzima mara moja bila kuandika, kisha chagueni onyesho moja na mlitazame katika filamu tatu, mara moja likiwa limezimwa sauti. Andikeni dakika. "Kuna mahali kamera inamsogelea" si ushahidi. Maqbool na Throne of Blood tafuteni zenye tafsiri ya maandishi chini, na mkumbuke kuwa maandishi hayo si maneno ya Shakespeare, kwa hiyo msiyachambue kama ushairi wake. Msiogope pia uzoefu wenu wa vibanda vya video. Aliyekulia akimsikiliza DJ Afro, msimulizi wa filamu, akiifumua filamu ya kigeni kwa Kiswahili, akimbatiza adui jina na kumwekea maneno mdomoni, tayari anajua kwamba hadithi ileile inaweza kupewa moyo mwingine bila picha kubadilika.

Kwa kipindi kijacho, chukueni karamu. Banquo, rafiki wa Macbeth, ameshauawa kwa amri yake, wageni wameketi, na maelekezo ya jukwaani yanasema mzuka wake unaingia na kukaa kwenye kiti cha Macbeth. Macbeth anauona. Wageni hawauoni. Sisi je? Jukwaani mkurugenzi anaweza kumleta mwigizaji au kuacha kiti kitupu, na kamera nayo ina uwezo wa kuwa macho ya Macbeth katika picha moja na macho ya wageni katika inayofuata. Tafuteni katika filamu mbili ni lini hasa macho yanabadilika, nani anatazama kabla na nani baada. Kurasa tatu zinatosha. Zije zimechapwa, si picha ya daftari kwenye WhatsApp.