Ukoko wa maharage kwenye sufuria ya stenlesi

Kongwa

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimepata barua yako, unaniuliza kama ile sufuria ya stenlesi uliyounguzia maharage huko Dodoma mjini uisugue kwa majivu na mchanga, kama tulivyozoea kusugua sufuria za kuni. Nakuomba usifanye hivyo, na waya wa chuma nao uuweke kando. Sufuria hiyo haishiki kutu kwa urahisi kwa sababu chuma chake kimechanganywa na kromi, ambayo huitandia ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho. Mchanga huikwaruza ngozi hiyo, na vipande vya waya vinavyobaki juu yake huota kutu, ukadhani ni sufuria iliyooza.

Ukoko hulainishwa kwanza. Acha sufuria ipoe yenyewe, kwa maana ukiimwagia maji baridi ingali ya moto, kitako kinaweza kupinda. Kisha tia maji yafunike ukoko, ongeza vijiko viwili vya magadi soda ya kupikia (siyo ile soda kali ya kutengenezea sabuni, hiyo inaunguza ngozi ya mtu), chemsha kwa moto mdogo kama dakika 15, uache mpaka maji yawe vuguvugu, ndipo ukwangue kwa mwiko wa mti. Weusi utakaobaki upake magadi soda yaliyokorogwa na maji kidogo yakawa mazito, yalale humo usiku kucha, asubuhi usugue kwa sponji laini. Maharage yakiungua hushika sana, kwa hiyo huenda ukarudia mara mbili. Magadi ya mawe tunayotia kwenye mlenda nayo yanafaa, ila yayeyushe na uyachuje mchanga. Usiyachemshe tu kwenye sufuria za aluminiamu, huzitia weusi.

Ukiona rangi ya buluu kama upinde wa mvua, huo si uchafu, ni ile ngozi iliyonenepa kwa moto. Siki au maji ya ukwaju huiondoa, pamoja na ukoga mweupe unaoachwa na maji yenye chumvichumvi. Usichanganye siki na magadi, hubatilishana. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe usiisogeze kabisa: hutoboa chuma hicho vitundu, na ikikutana na siki hutoa hewa ya sumu.

Umeniandikia kwamba umeacha kuipikia. Irudishe jikoni, mwanangu. Alama ya kahawia ikibaki haidhuru chakula.

Mama yako