Kabla hujaamini mchoro wa kikokotoo

Ukiangukiwa na kikokotoo cha grafu cha zamani, tuseme TI-81, usikimbilie kubonyeza GRAPH. Anza na RANGE, pale unapoweka mipaka ya mihimili. Mimi kwa pupa yangu nilifanya kinyume, nikamaliza jioni nzima nikihangaika na mstari ambao haukuwapo.

Mlinganyo ulikuwa mwepesi tu: y = 1/(x − 2), mihimili yote miwili kuanzia −10 hadi 10. Kioo kikaonyesha matawi mawili ya mkunjo, na katikati yake mstari uliokaribia kusimama wima. Nikaunakili daftarini kama ulivyo. Mwalimu akaukata kwa wino mwekundu, akauliza, "x ikiwa 2, y ni ngapi?" Nikabaki kimya.

Kioo cha TI-81 kina nukta 96 kwa 64, na grafu inachorwa kwenye 95 kwa 63. Kikokotoo hakiuoni mkunjo. Kinatafuta y kwa kila safu ya nukta, kisha kinaunga nukta na jirani yake. Kutoka −10 hadi 10 ni hatua 94, kila moja kama 0.213. Kwa hiyo kilipiga hesabu kwenye 1.915, kikapata y ya −11.75, kikarukia 2.128, kikapata 7.83. Mbili yenyewe hakikuikanyaga. Kikaunga tu, na mimi nikaamini.

Ingia MODE uchague Dot, nukta zisiungwe. Au weka x kuanzia −4.7 hadi 4.7: hatua inakuwa 0.1 kamili, 2 inakanyagwa, jibu linakosekana kwa kuwa 1 haigawanyiki kwa sifuri, na mstari ule unatoweka.

Ila usiigeuze −4.7 kuwa dini. Kwa kipimo hichohicho, ukiwa kwenye radiani, chora sin(20πx). Kila safu inaangukia mahali ambapo sini ni sifuri, na wimbi lote linajificha nyuma ya mhimili. Utadhani kikokotoo kimekufa.

Kumbukumbu nayo ni finyu, zoea mapema. Casio fx-7000G, cha kwanza cha aina hii kuuzwa madukani, mwaka 1985, kilikuwa na baiti 422 za programu. Ukitaka vihifadhi vya namba zaidi ya vile 26 vya herufi A hadi Z, kila kimoja kinamega baiti 8 humo humo. HP-28C ya 1987 ilijua hata aljebra ya herufi, lakini hiyo ina somo lake. TI-81 ilipotoka mwaka 1990 baiti 2400 zilionekana utajiri, ila haikuwa na tundu la waya wa kuhamishia programu. Tundu lilikuja na TI-85, mwaka 1992. Kwa hiyo programu zako ziandike kwenye karatasi, mstari kwa mstari, na karatasi uiweke mbali na chai. Yangu ya kutafuta mizizi ya mlinganyo wa kipeo cha pili nimeiingiza upya mara nne.